Msomaji wa Mwisho wa Kestara

Saynab Dagane alirudi Garissa mwezi wa pili wa mwaka 1966 akiwa na cheti cha uuguzi, jozi mbili za viatu vyeupe, na kisa ambacho hakikwisha.

Cheti alikipata Nairobi baada ya miaka miwili ya masomo. Kisa alikipata huko huko, kwenye ukumbi wa hosteli ya wanafunzi, ambako palikuwa na televisheni moja iliyofungiwa kabatini na kufunguliwa na matroni saa moja ya jioni. Kila Alhamisi ulionyeshwa mchezo wa kigeni juu ya meli iliyosafiri baina ya nyota. Meli iliitwa Kestara. Nahodha wake alikuwa Hadrik, mtu mrefu asiyependa kuamriwa. Daktari wake alikuwa mwanamke, Ines. Pamoja nao alikuwamo kiumbe wa dunia nyingine aitwaye Omu, ambaye hakujua kusema uongo na kwa hiyo aliwatia wenzake taabuni kila wiki. Saynab hakukosa hata Alhamisi moja. Alhamisi yake ya mwisho, Hadrik aliachwa peke yake kwenye nchi ya chumvi isiyo na maji, Kestara ikapaa bila yeye, na maandishi yakapita kwenye kioo kuwaambia watazamaji wangoje wiki ijayo. Asubuhi yake Saynab alipanda lori la kwenda kwao.

Garissa hapakuwa na televisheni. Palikuwa na hali ya hatari, kwa ajili ya vita vya serikali na waasi walioitwa shifta. Kila njia ya kutokea mjini ilikuwa na kizuizi, barabara ya Dadaab ilitegwa mabomu, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje tangu magharibi hadi alfajiri. Wafugaji waliozoea kufuata mvua walikuwa wakikusanywa na kutiwa vijijini ndani ya seng'enge, na mifugo yao ikabaki nje ikifa. Kwenye zahanati alikopangiwa kazi, Saynab alijifunza upesi kutomuuliza mtu alikopatia jeraha lake.

Aliyemsikiliza kwanza alikuwa Kaltun, jirani yake, mke wa karani mmoja wa serikali aitwaye Issack. Saynab alimsimulia habari za Kestara alasiri moja wakichambua mchele.

"Sasa huyo mtu akafanyaje?" Kaltun aliuliza.

"Sijui. Niliondoka."

"Na wewe umekaa hivyo hivyo, mwezi mzima?"

"Nitajuaje, Kaltun? Mchezo uko Nairobi."

Kaltun aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, akimwita ndugu kwa Kisomali, "Huwezi kumwacha mtu kwenye chumvi, walaal. Mtoe."

Saynab alinunua daftari la mistari na kuanza. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichofundishwa kuandika. Kisomali wakati ule hakikuwa na maandishi yaliyokubaliwa na wote, na hata hivyo karani, fundi na mwalimu wa mji ule wote walisoma Kiswahili. Alimpa Hadrik mwanamke mfugaji aliyemkuta amelala na kumwagia maziwa midomoni. Aliwapa watu wa nchi ya chumvi wanyama wenye nundu mbili na macho manne. Alimrudisha Omu kumtafuta nahodha wake, peke yake, bila ruhusa. Daftari la kwanza lilipojaa alimpa Kaltun, naye akawasomea wanawake uani kwake. Kutoka kwa Kaltun lilikwenda kwa Jama, fundi cherehani, aliyelisoma barazani miguu ikiwa juu ya mashine. Jama alimpa Mwalimu Mursal wa shule ya msingi. Baada ya Mursal lilipotea siku mbili, kisha Saynab akalikuta dirishani mwa zahanati asubuhi, limefungwa kwa uzi.

Kurasa nne za mwisho alikuwa ameziacha tupu, na juu yake ameandika: Maoni ya wasomaji. Alidhani zitarudi tupu. Zilirudi zimejaa. Kaltun aliandika kwa niaba ya uani kwake kwamba wanawake wote kumi na mmoja wanataka kujua kama yule mfugaji ana mume. Jama aliandika kwamba nguo za Ines hazina mifuko, na daktari ataweka wapi dawa zake. Mursal aliandika sentensi moja ya sifa, ya mwalimu, yenye alama ya vema pembeni.

Mwisho kabisa palikuwa na maandishi mengine, ya kalamu ya risasi ya zambarau, ile ya makarani ambayo ukiilowesha kwa mate huwa wino. Herufi zilikuwa ndogo, zimenyooka kama zimepangwa kwa rula. Hayakuwa na jina.

"Nimesoma mara tatu. Kisima ambacho nahodha anachimba katika ukurasa wa kumi na tisa hakiwezekani. Mchanga hauchimbwi wima. Aweke matawi pembeni kila akishuka dhiraa moja, la sivyo utamfukia kabla hajaona maji. Rekebisha hapo, kwa sababu mengine yote niliyaamini, na nilipofika kwenye kisima nikakumbuka kwamba ninasoma. Sikutaka kukumbuka. Mimi ni msomaji wako wa mwisho."

Saynab aliyasoma amesimama, wagonjwa wakingoja. Nairobi aliwahi kusifiwa kwa kazi yake, lakini hakuwahi kuambiwa kitu kama kile. Mchana ule alifuta kisima na kukichimba upya, kwa matawi.

Basi ikawa ndio desturi. Kila wiki tano au sita daftari, na kila daftari lilirudi dirishani likiwa na zambarau kurasa za nyuma. Msomaji wa mwisho hakuacha kitu. Alitaka kujua chumvi ilikuwa na ladha gani. Alisema Hadrik asiombe radhi upesi hivyo, mtu mwenye cheo huzunguka kwanza. Alisema siku aliyosoma Ines anavyomfunga jeraha yule mzee wa nchi ya chumvi, alilikunja daftari akakaa kimya mpaka adhana. Saynab akaanza kuandika akimfikiria yeye. Akikwama, alijiuliza: hapa atanikamata?

Hakuwa na shaka ni nani. Daftari lilikuwa likipotea mikononi mwa Mursal, na Mursal alikuwa mtu wa vitabu, kijana mwenye miwani na shati lililopigwa pasi hata katika vumbi lile. Sentensi yake yenye vema, alidhani, ilikuwa ya macho ya watu, na zambarau ndiyo ya moyo. Siku moja walipokutana sokoni alimwambia, "Mwalimu, nashukuru kwa maneno yako. Yale ya nyuma."

Mursal alitazama pembeni kidogo, akatabasamu. "Unastahili," alisema.

Saynab alitembea hadi nyumbani bila kuhisi jua.

Mwezi wa kumi na moja lori la abiria lilikanyaga bomu njia ya Dadaab. Walioletwa zahanati walikuwa kumi na saba, na kufikia jioni walibaki sita. Wiki ile, katika daftari la sita, Saynab alimuua Omu. Hakupanga. Kalamu ilikwenda yenyewe, na Omu akalala kwenye chumvi akapoa. Kaltun hakumsemesha siku mbili. Jama aliandika, "Sina la kusema." Na msomaji wa mwisho aliandika hivi:

"Sikubali. Tumezika wa kutosha. Nimeusoma ukurasa ule mara nne nikitafuta mahali ulipokosea, na nimepapata. Daftari la pili, ukurasa wa thelathini na moja, ulisema watu wa kina Omu wakiumia sana hupoa kama mawe siku tisa, kisha huamka. Ulisahau. Mimi sikusahau. Ines amemfunika kwa joho lake na wala hajui anafunika mtu aliye hai. Wewe andika upendavyo, lakini mimi nangoja siku ya tisa."

Saynab alilia, mara ya kwanza tangu lile lori.

Kwa daftari la saba aliamua kuchora ramani, kwa kuwa uani kwa Kaltun walikuwa wakilalamika hawajui tena nani yuko wapi. Alichora nchi ya chumvi ukurasa mzima: visima vinane vyenye nambari, mahali Kestara itakapotua, njia ya Ines. Alilitoa katikati ya mwezi wa nne, 1967.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, maji hayakuja.

Maji ya zahanati yaliletwa kila asubuhi kutoka mto Tana na mzee aitwaye Adow Jelle, mwenye punda wawili na madebe manane. Saynab alimwona siku zote na hakumjua. Alimwambia "weka hapo", naye akaweka. Mara moja tu walizungumza zaidi ya hapo: aliona midomo ya mzee imekuwa na rangi ya zambarau, akamwambia aje apimwe, huenda moyo wake una udhaifu. Adow alijifuta mdomo kwa kiganja, akacheka kidogo, akaondoka na punda wake.

Saa sita Kaltun aliingia kwenye chumba cha dawa bila kubisha hodi. Shela lake lilikuwa limemteleza mabegani, wala hakulivuta.

"Wamemkamata Adow," alisema. "Kizuizi cha mtoni. Issack amesikia ofisini. Wanasema ni mjumbe wa shifta. Wamemkuta na ramani ya visima."

"Ramani gani?"

Kaltun alimtazama tu.

"Kaltun, ramani gani?"

"Ya kwako, walaal. Daftari lako. Na juu yake kumeandikwa mwendo wa saa ngapi kutoka kisima hiki mpaka kile, na wapi pana kivuli, na wapi watu wawili wanaweza kulala bila kuonekana. Kwa kalamu ya zambarau."

Saynab alikuwa ameshika chupa ya iodini. Alitafuta mahali pa kuiweka na hakupaona, ingawa meza ilikuwa mbele yake. Aliiona midomo ya mzee. Aliona madebe yakishushwa, mgongo umepinda, asubuhi baada ya asubuhi, na yeye akisema weka hapo. Nani angedhani mchota maji anajua kusoma? Akakaa sakafuni, sketi nyeupe kwenye maji ya dawa.

Kisha akainuka akaenda shuleni. Mursal alikuwa akisahihisha madaftari chini ya dirisha. Alipomwona usoni aliinuka na kufunga mlango.

"Si wewe," Saynab alisema.

"Si mimi nini?"

"Aliyekuwa akiniandikia. Ni Adow."

Mursal alivua miwani, akaifuta. "Mimi nilikuwa nampa alirudishe tu. Anapita kwako kila siku."

"Nilikushukuru. Ukasema unastahili."

"Kwani hukustahili?" Aliivaa miwani tena. "Sikiliza, Saynab. Mimi sijasoma hayo madaftari. Sijawahi kuyaona. Kuna sentensi yangu moja moja mle na sikutia jina, na wewe hujui ni ya nani. Nina mama na wadogo zangu watano. Nenda nyumbani. Choma yaliyobaki."

Hakumchukia. Alikuwa amepigwa na mambo mawili siku moja, na hili la Mursal lilikuwa dogo. Alikwenda nyumbani, akayatoa madaftari sita chini ya godoro, na hakuyachoma. Kaltun alimkuta akiyafunga kwenye kitambaa.

"Wakikuweka ndani nani atakutoa?" Kaltun aliuliza.

"Wewe ndiye uliyeniambia nimtoe mtu kwenye chumvi."

"Nilikuwa nazungumzia hadithi."

"Najua," Saynab alisema.

Alikwenda kwenye kambi ya polisi kesho yake saa tatu asubuhi, amevaa sare ya uuguzi na viatu vyeupe, kwa sababu alifikiri ni vigumu zaidi kumpiga mtu aliye katika sare. Alingoja kwenye benchi saa mbili. Chumba alichoingizwa baadaye kilikuwa na meza, inspekta wa makamo kutoka bara mwenye macho ya kukosa usingizi, na askari wawili mlangoni. Daftari la saba lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye ramani. Zambarau ilikuwa imejaa kila mahali. Hata katika hofu ile jicho lake lilisoma: Kisima cha nne hadi cha tano, mwendo wa saa tisa kwa mguu, si saa tatu kama ulivyoandika. Daktari Ines atakufa kiu.

"Hii ni kazi yangu," Saynab alisema. "Ramani nimeichora mimi. Ni hadithi."

"Hadithi," Inspekta alisema.

"Ya meli inayosafiri kwenye nyota. Ilikuwa kwenye televisheni Nairobi. Nimeiendeleza. Watu wanaisoma."

"Watu wa hapa wanasoma habari za nyota." Aliligeuza daftari upande wake. "Juzi gari letu limechomwa mwendo wa saa tisa kutoka kisima. Vijana wanne. Mmoja nilimwandikia barua ya likizo kwa mkono wangu. Na mimi nakuta karatasi inayosema saa tisa kutoka kisima, pana kivuli, watu wawili hawaonekani. Wewe ungeita hadithi?"

Saynab hakujua habari ya wale vijana wanne. Alifungua kitambaa chake akayaweka madaftari sita mezani.

Inspekta aliyatazama muda mrefu. Kisha akawaambia askari, "Mleteni."

Adow aliingizwa akishikwa kwapani. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, vidole vimepinda kwa namna ambayo Saynab aliielewa kwa mtazamo mmoja. Aliinuka, askari akamkalisha. Mzee alipomwona aliinamisha uso, na aliinamisha kwa aibu, kana kwamba amefumaniwa akichungulia nyumba ya watu.

"Mzee," Inspekta alisema, "huyu anasema hii ni hadithi. Kama ni hadithi, wewe unaijua. Mimi ninayo hapa yote. Nisimulie. Nikikuta umetunga, mnabaki hapa wote wawili."

Adow aliomba maji. Akapewa. Halafu akaanza.

"Kabteni Hadrik ameachwa," alisema.

Kiswahili chake cha mdomoni kilikuwa cha sokoni, kimevunjika ngeli, p ikitoka kama b. Lakini hakuacha kitu. Alisimulia daftari la kwanza: chumvi, mwanamke mfugaji, maziwa. Alisimulia kisima jinsi kilivyokuwa kwanza na jinsi kilivyochimbwa upya. Inspekta alifuata kwa kidole, akifunua kurasa. Mzee alisema maneno mengine kama yalivyoandikwa, neno kwa neno, na Saynab alisikia sentensi alizoziandika peke yake kwenye taa ya kibatari zikitoka kwenye mdomo uliopasuka, katika chumba kile, mbele ya watu wenye bunduki. Alitaka anyamaze. Alitaka pia asinyamaze.

Daftari la pili. La tatu. Askari mmoja aliyekuwa ameegemea mlango aliacha kuegemea. Kwenye daftari la nne, pale Ines anapowadanganya walinzi wa mnara na Omu anasema ukweli nyuma yake, yule askari alicheka, kisha akakohoa kuficha kicheko.

Walifika daftari la sita. Adow alisimulia vita vya bonde la chumvi, na Omu alivyoanguka.

"Halafu?" Inspekta aliuliza.

"Halafu Omu amelala chini ya joho ya Ines. Siku ya tisa ataamka."

Kidole cha Inspekta kilisimama. Alisoma ukurasa, akaurudia. "Hapa imeandikwa alikufa. 'Omu akapoa, na hakukuwa na pumzi.' Imeandikwa alikufa, mzee."

Saynab aliona kila kitu kikiporomoka kwa ajili ya neno moja. Alimtazama Adow akimwomba kwa macho akubali tu, aseme ndiyo, amekufa.

"Najua imeandikwaje, afande," Adow alisema. "Mimi sikukubali."

"Hukukubali?"

"Huyu msichana amesahau. Daftari ya bili, ukurasa thelathini na moja."

Inspekta alimtazama yeye, akamtazama Saynab, akalivuta daftari la pili. Alifunua mpaka thelathini na moja. Alisoma midomo ikitembea. Alipomaliza alilifunga, akakaa amelishika kwa mikono miwili.

"Ulisahau kweli?" alimuuliza Saynab.

"Ndiyo," alisema. "Nilisahau."

Inspekta akaligeukia daftari la saba. Askari wa mlangoni walikuwa wakimngoja. "Na hizi saa tisa," alimwambia Adow, kwa sauti ya chini, "umezitoa wapi?"

"Afande, kila mtu huandika anachojua. Kwenye nyota sijatembea. Nimetembea kutoka Garissa hadi Liboi na ngamia, nikiwa na nguvu. Daktari Ines alikuwa anatembea saa tatu tu. Si kweli. Angekufa."

Saynab alirudishwa zahanati mchana ule kwa onyo: asiandike tena kitu chochote isipokuwa kadi za wagonjwa. Madaftari saba yalichomwa nyuma ya kambi, moshi aliuona. Adow hakutoka naye. Walimshikilia siku kumi na moja zaidi. Kila siku Saynab alipeleka bandeji na dawa langoni, na kila siku hakuambiwa kama zinafika.

Alipoachiliwa aliletwa zahanati na mmoja wa wale askari, yule aliyecheka. Askari alimwacha mlangoni, akasitasita. "Siku ya tisa ingefika?" aliuliza. Akaondoka bila kungoja jibu.

Mkono ulikuwa umeanza kuunga vibaya. Saynab aliunyoosha kadiri alivyoweza, na mzee hakutoa sauti, jasho tu likimtiririka. Punda wake mmoja alikuwa amepotea siku ile ya kukamatwa, na mwingine Jama alikuwa akimlisha.

"Adeer," Saynab alisema, akimwita kama mtu amwitavyo ndugu wa baba yake, "kwa nini hukuniambia ni wewe?"

"Ungefanya nini?"

"Ningekukaribisha. Ningekupa kiti."

Adow alifikiri. "Nilijifunza kusoma jeshini," alisema. "Vita vya Waingereza, Burma. Nililala hospitali miezi mitano, na mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu wa pwani, akanifundisha kwa gazeti la askari. Tulilisoma mpaka likachanika. Tangu nirudi, miaka ishirini, nimesoma matangazo ya serikali na maandishi ya magunia. Mwalimu akaniambia peleka hii kwa nesi. Nikafungua njiani." Aliutazama mkono wake. "Mtu akipewa kiti atazungumza kwa adabu. Mimi nilitaka kukwambia kisima ni kibovu."

Saynab alifunga bandeji. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikwama penye jambo moja, nalo akalisema bila kumtazama. "Ni mimi niliyechora ile ramani."

"Na mimi ndiye niliyeandika saa tisa," Adow alisema. "Tugawane."

Mkono haukupona sawasawa. Hakuweza tena kushusha debe lililojaa. Saynab alimwendea mganga mkuu wa zahanati na kumwambia kwamba pale mlangoni, ambako watu wa vijiji vya seng'enge walisukumana kila asubuhi na makadi wasiyoweza kuyasoma, panahitajika mtu wa kusoma majina. Mganga alicheka kwanza. Kisha Adow akapewa kadi ishirini azisome kwa sauti, akazisoma, na mwezi wa nane akaanza kazi. Mwalimu Mursal alipopita barabara ile alivuka upande wa pili.

Mshtuko haukumtoka Saynab. Gari likisimama nje, aliacha alichokuwa akifanya. Hakununua daftari lingine. Usingizini alisikia sauti ya mzee ikisimulia na hakujua kama inamwokoa au inamshitaki.

Asubuhi moja, kabla wagonjwa hawajaruhusiwa kuingia, Adow alikuwa kwenye stuli yake akipanga makadi kwa mkono wa kushoto.

"Daktari Ines amefika kisima cha tano?" aliuliza, macho kwenye makadi.

"Sijui, adeer. Nimekatazwa kuandika."

"Sikusema uandike."

Saynab alitazama barabara. Lilikuwa limepita lori la mbuzi, na vumbi lilikuwa likishuka. "Sijui amefika wapi," alisema tena.

"Basi fikiri," Adow alisema. "Mimi nipo hapa mpaka saa kumi."

Akaufungua mlango, akaita jina la kwanza.